Habari za Sam Ntiro, Mchora Picha wa Machame

Wako wengi katika Iringa na Mbeya wanaodhani ya kuwa kijana aendaye kusoma Ulaya hana budi kurudi na macho ya kigeni. Habari za Sam Ntiro zaonyesha vingine.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, mitelemkoni mwa Kilimanjaro, akalelewa kati ya migomba. Kisha akaenda kusoma Makerere, nchi ya Uganda. Mwalimu wake wa kuchora alikuwa Bibi Margaret Trowell, Mwingereza. Bibi huyo hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazifuatishe. Aliwasimulia jambo kwa maneno, nao wakaliona kwanza moyoni, ndipo wakalichora. Mafundisho hayo yalimwingia Ntiro sana.

Mwaka 1952 akaenda London, katika chuo cha Slade, akakaa huko hata mwaka 1955. Katika chuo kile watu walizoezwa kumtazama mtu aliyekaa mbele yao na kumchora kwa vipimo. Lakini Ntiro aliposhika brashi yake mwenyewe, iliyotokea ni Machame: watu wengi, wadogo wadogo, wakifanya kazi pamoja katikati ya majani mabichi. Wajuzi wengine walistaajabu kuona chuo hakikumgeuza.

Vincent van Gogh, mwana wa mchungaji wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 1890, alipotaka kujijua alichora uso wake mwenyewe zaidi ya mara 30, hata mwaka 1889, akili ilipomwugua na sikio lake lilipofungwa kitambaa. Njia ile ni ya mtu mmoja na kioo chake, nami siidharau. Ntiro alishika njia nyingine. Nyuso za watu wake hazikuchorwa sana, kwa maana mtu wake hujulikana kwa wale alio kati yao. Nadhani kwa mtu aliye peke yake ugenini, picha za namna hii zaweza kuwa nyumba.

Baadaye alifundisha Makerere, na tangu mwaka 1961 hata 1964 alikuwa Balozi wa nchi yake huko London. Alifariki mwaka 1993.

Picha yake moja ya mwaka 1956 imehifadhiwa katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Ni wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi, usiku. Watu wa New York huenda wakahitaji kuelezwa habari hiyo. Mtu wa Rungwe, aliyezaliwa migombani, hataihitaji.