Siti binti Saad na Kilio cha Wanyonge

Katika nchi yetu yako malalamiko yaliyofikishwa mbele ya wakubwa kwa barua, na yako yaliyofikishwa kwa nyimbo. Sisi tulio chini ya Mlima Meru twayajua vyema yale ya kwanza. Wameru walipofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet akaseme kwa niaba yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Leo twataka kumkumbuka bingwa wa yale ya pili, marehemu Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950.

Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika ukoo uliopitia utumwani, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Shule hakwenda; kazi yake ilikuwa kuchuuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na Ali Muhsin. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, nao watu wa Ng'ambo wakaisikia na kuielewa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, zikaenea pwani nzima.

Si wote waliompokea kwa furaha. Wako waliomdhihaki kwa nyimbo, wakamsimanga kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Naye alijibu kwa wimbo, kwa maneno ya staha, wala hakunyamaza.

Ushujaa wake mkubwa zaidi umo katika wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na wanawake waliosimama mahakamani kueleza yaliyotokea wakaadhibiwa wao, kwa kisa cha pombe. Siti aliitangaza hukumu hiyo kwa kuiimba, katika enzi ambayo mnyonge hakuthubutu kumkosoa hakimu wa Serikali ya kikoloni. Majalada ya kesi husomwa na wachache; wimbo huo uliimbwa na wengi.

Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake kikaliita gazeti lake Sauti ya Siti. Heshima hizo zinamstahili. Lakini kwa maoni yetu, watumishi wa Serikali, wa Visiwani na wa Bara, wanaweza kumpa heshima iliyo kubwa zaidi. Mwanamke asiyejua kuandika barua ya malalamiko asihesabiwe kuwa hana la kulalamikia, na shahidi anayefika mahakamani au ofisini kusema kweli asirudi nyumbani akiwa ndiye mshtakiwa.