Haji Khalifa, Karani Aliyeorodhesha Vitabu

Kwa kawaida maisha tunayoyasoma ni ya maimamu na masheikh walioandika vitabu. Safari hii tumemchagua mtu aliyetumia miaka kama ishirini akiandika majina ya vitabu vya wenzake. Huenda kazi hiyo ikaonekana ndogo, lakini tusome kwanza.

Jina lake ni Mustafa bin Abdallah. Alizaliwa Istanbul, makao makuu ya dola ya Uthmaniya, mwaka 1017 Hijria (1609 Miladia). Waturuki humwita Katip Çelebi, na katika vitabu vya Kiarabu ni maarufu kwa jina la Haji Khalifa. Haji, kwa sababu alihiji. Khalifa ni cheo chake cha ofisini. Kwa makarani wa Kiuthmaniya neno hilo lilikuwa na maana ya karani msaidizi tu, kwa hiyo asidhani mtu kwamba alitawala Waislamu.

Baba yake alikuwa askari. Alimsomesha Qur'ani tangu mdogo, na mtoto alipofikia miaka kumi na minne akamkatia dirham 14 kila siku kutoka katika mshahara wake mwenyewe, akamwingiza katika ofisi ya mahesabu. Hapo kijana akajifunza hesabu na hati ya siri kidogo ambayo makarani walikuwa wakiandikia daftari za serikali. Elimu yake nyingine aliipata vipande vipande, kati ya safari moja ya vita na nyingine, maana karani wa jeshi huenda linakokwenda jeshi. Mwaka 1626 alikuwepo Baghdad ilipozingirwa bila ya kutekwa. Katika kurudi, baba yake alifariki Mosul, na muda mfupi baadaye akafiwa na ammi yake pia. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Aliporudi Istanbul alihudhuria darsa za Kadizade, mwaidhi mashuhuri wa zama zile, akavutwa sana na elimu. Kisha jeshi likamchukua tena. Majira ya baridi ya mwaka 1633 lilipiga kambi Aleppo, mji ambao Waarabu huuita Halab. Wenzake walipumzika, yeye akawa anashinda katika maduka ya wauza vitabu, anafungua kitabu kimoja baada ya kimoja na kuandika jina lake na la mtungaji wake. Faharasa yake kubwa ilianzia katika maduka hayo. Kutoka huko akaenda Makka kuhiji. Baadaye alipata urithi, na mwaka 1638 ukaja mwingine mkubwa zaidi kutoka kwa jamaa yake mfanyabiashara. Sehemu kubwa ya mali hiyo aliinunulia vitabu. Inasimuliwa kwamba usiku mishumaa ilikuwa ikiwaka chumbani mwake tangu magharibi hadi alfajiri.

Kitabu kilichotokana na juhudi hiyo kinaitwa Kashf al-Dhunun, yaani kuondoa dhana kuhusu majina ya vitabu na fani. Ndani yake mna majina ya vitabu kiasi cha 14,500, yamepangwa kwa herufi za alifu, be, te. Jina la kitabu peke yake halitoshi. Mwanafunzi wa fiqhi hapa kwetu akisikia Minhaj hufikiria Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi. Lakini Imam Ghazali naye ana Minhaj al-Abidin, na Baydhawi ana Minhaj al-Wusul katika usuli. Kwa hiyo Haji Khalifa aliandika jina la mtungaji, na mwaka aliofariki kila alipoujua. Sharhe na hashia alizipanga chini ya matini yake, ili msomaji azikute pamoja.

Linalotuvutia zaidi ni masharti aliyojiwekea. Kitabu alichokiona kwa macho yake alikiwekea alama: aliandika maneno yake ya mwanzo, ili mwenye nakala mkononi aweze kulinganisha. Alichosikia habari zake tu, hakukipa alama hiyo. Hivyo msomaji anaweza kupambanua ushahidi wa macho na habari za kupokewa, kama tunavyofundishwa katika elimu ya Hadithi. Katika vitabu vya fiqhi alitaja madhehebu ya mtungaji pale alipokuwa na yakini. Yeye alikuwa Hanafi, na dola yake ilikuwa ya Kihanafi, lakini Minhaj ya Nawawi, Mshafii, imo pamoja na sharhe zake, kwa herufi yake, bila ya kusukumwa nyuma.

Si kwamba mizani yake ilikuwa sawa kila upande. Kitabu kisichokuwa cha Kiarabu alikiandikia kuwa ni cha Kituruki, cha Kiajemi, au kimetafsiriwa. Cha Kiarabu hakukiandikia kitu, kwa kuwa hicho ndicho alichokihesabu kuwa kawaida. Kila anayepanga vitabu ana kawaida yake, na ambaye si wa kawaida ndiye hubandikwa kibandiko. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alitoa mpango wa namba ambao maktaba nyingi duniani hutumia. Dini alizipa kundi la 200. Sehemu kubwa ya namba hizo ilikwenda kwa Ukristo, na Uislamu wote ukatiwa katika 297. Watafiti wa elimu ya maktaba wamelijadili sana jambo hilo. Tukimlinganisha naye, Haji Khalifa aliyepanga kwa herufi aliepuka sehemu kubwa ya mtego huo, ingawa hakuuepuka wote.

Ofisini mambo hayakumnyookea. Mwaka 1645 alijiuzulu kwa kunyimwa cheo baada ya kutumikia miaka ishirini, na akakipata mwaka 1648. Aliandika pia historia, na kitabu kikubwa cha jiografia. Kwa ajili ya jiografia alisaidiwa na Mfaransa aliyesilimu, wakafasiri pamoja atlasi ya Kilatini, maana aliona vitabu vya Kiislamu peke yake havikumtosha katika fani hiyo. Mwaka 1656 aliandika Mizan al-Haqq kuhusu mabishano yaliyowagawa watu wa mji wake, miongoni mwayo tumbaku na kahawa. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Oktoba 1657, alifariki ghafla, na inasimuliwa kuwa kikombe cha kahawa kilikuwa mkononi. Hakufikia miaka hamsini. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Maktaba yake iliuzwa. Vitabu vingi vilinunuliwa na Levinus Warner, mwakilishi wa Uholanzi aliyekaa Istanbul, naye akaviachia Chuo Kikuu cha Leiden, viko huko hadi leo. Mwaka 1697 kikatoka Paris kamusi kubwa ya Barthélemy d'Herbelot juu ya mambo ya Mashariki, iliyotegemea sana Kashf al-Dhunun. Ama faharasa yenyewe, mwenyewe aliwahi kuinakili kwa hati safi hadi herufi ya dali tu. Yaliyobaki yalikuwa katika muswada, na wengine wakaja kuyakamilisha baada yake. Anayeitafuta Minhaj humo, kwa herufi ya mim, anaikuta katika sehemu hiyo.