India: Meena Kumari, malkia wa sinema aliyelisha jamaa yake tangu utoto

Tarehe 31 mwezi wa tatu 1972, siku ya Ijumaa Kuu, mwigizaji Meena Kumari alifariki katika hospitali moja ya Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Alikuwa na miaka 38. Wiki nane mbele ya kifo chake, filamu yake Pakeezah ilikuwa imeanza kuonyeshwa. Kuitengeneza kulikuwa kumechukua zaidi ya miaka 15.

Meena Kumari alicheza katika filamu zaidi ya 90 na kushinda mara nne tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike. Watazamaji wa India walimpa jina la malkia wa huzuni, kwa sababu hakuna aliyejua kulia mbele ya kamera kama yeye. Lakini nyuma ya jina hilo kuna mwanamke aliyeanza kazi akiwa mtoto mdogo, na ambaye kwa muda mrefu feza zake na saa zake zilipangwa na watu wengine.

Utoto bila shule

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mahjabeen Bano. Alizaliwa Bombay mwezi wa nane 1933. Baba yake, Ali Bux, alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa muziki katika vikundi vya michezo ya kuigiza. Mama yake, Iqbal Begum, alikuwa mcheza dansi na mwigizaji. Muziki haukukosa nyumbani, ila chakula kilikosa mara nyingi. Inasimuliwa kwamba alipozaliwa, wazazi hawakuwa na kitu cha kumlipa daktari, na baba akamwacha mtoto kwenye nyumba ya yatima. Saa chache baadaye alirudi kumchukua.

Mwaka wa 1939, mwongozaji Vijay Bhatt alimchukua katika filamu Leatherface. Siku ya kwanza alilipwa rupia 25. Kwa jamaa ile maskini, hizo zilikuwa feza nyingi. Tangu siku hiyo wazazi hawakutazama tena nyuma. Wakati watoto wengine walikuwa wakienda shuleni, yeye alipelekwa studio. Vijay Bhatt ndiye aliyempa jina la Baby Meena, na binti huyo akawa mmoja wa walioleta mkate nyumbani.

Shule aliipata kidogo sana. Hata hivyo alipenda kusoma, hasa vitabu vya Kiurdu, na baadaye akaanza kuandika mashairi. Mama yake alifariki mwaka wa 1947. Katika miaka iliyofuata, msichana huyo Mwislamu alipata kazi nyingi katika filamu ndogo zinazosimulia hadithi za miungu ya Wahindu. Zilimpa mazoea ya kamera, lakini hazikumpa jina kubwa.

Mwaka wa 1952

Mwaka wa 1952 ulibadilisha maisha yake mara mbili. Vijay Bhatt, yule yule aliyemwanzisha akiwa mtoto, alimpa nafasi ya Gauri katika Baiju Bawra, hadithi ya mwimbaji wa zamani za mfalme Akbar. Filamu hiyo ilipendwa sana, na muziki wa Naushad uliimbwa kila mahali. Meena Kumari akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora. Mwaka uliofuata, filamu Parineeta ilimletea tuzo ya pili.

Mwaka huo huo wa 1952, mwezi wa pili, alifunga ndoa kwa siri na mwandishi na mwongozaji Kamal Amrohi. Bwana huyo alimzidi miaka zaidi ya kumi, tena alikuwa na mke na watoto. Mapendo yao yalikua mwaka wa 1951, wakati Meena Kumari alipolazwa hospitali huko Pune baada ya ajali ya gari. Ajali hiyo iliharibu kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto. Anayetazama filamu zake kwa makini ataona jinsi mkono huo unavyofichwa mara kwa mara ndani ya mtandio.

Baba yake alipogundua ndoa hiyo alikasirika, kwa sababu binti aliyelisha nyumba alikuwa ametoka mikononi mwake. Mwaka wa 1953, Meena Kumari alihamia kwa bwana wake. Lakini wale walioandika maisha yake wanaeleza kwamba huko pia alikuta masharti: kurudi nyumbani mapema jioni, kutopanda gari la mtu mwingine, na kutopokea mgeni yeyote katika chumba chake cha kujipambia studioni.

Tuzo na pombe

Kazi ilizidi kupanda. Alicheza na Dilip Kumar katika Azaad na Kohinoor, filamu za kuchekesha zilizoonyesha kwamba hakuwa mtu wa machozi tu. Mwaka wa 1962 ilitoka Sahib Bibi Aur Ghulam, iliyotayarishwa na Guru Dutt. Humo anacheza mke wa tajiri wa Calcutta ambaye, akitaka kumzuia bwana wake asilale nje, anakubali kunywa pombe pamoja naye, na pombe inammaliza. Wakati wa kugawa tuzo za Filmfare, majina matatu yaliyopendekezwa kwa mwigizaji bora wa kike yalikuwa yake yote matatu, kwa filamu tatu mbalimbali. Alishinda kwa Sahib Bibi Aur Ghulam. Tuzo ya nne ilikuja kwa filamu Kaajal ya mwaka wa 1965.

Kwa bahati mbaya, hadithi ya filamu ilianza kufanana na maisha yake. Alikuwa hapati usingizi, na inaelezwa kwamba daktari alimshauri kunywa brandy kidogo usiku kama dawa. Kidogo hicho kikaongezeka. Mwaka wa 1964 aliachana na Amrohi, baada ya msaidizi wa bwana wake kumpiga kofi studioni kwa sababu ya mgeni aliyeingia chumbani mwake. Miaka minne baadaye ini lake lilikuwa limeharibika, na akapelekwa Ulaya kutibiwa.

Pakeezah

Pakeezah ilianza mwaka wa 1956. Amrohi aliwaza filamu hiyo kwa ajili ya mke wake: hadithi ya Sahibjaan, mcheza dansi ambaye jamii inamdharau, naye anatafuta kupendwa kwa heshima. Kazi ilianza bila rangi, ikarudiwa kwa rangi, kisha ikarudiwa tena kwa picha pana. Wawili hao walipoachana, kila kitu kilisimama.

Mwaka wa 1969, waigizaji Nargis na Sunil Dutt waliwasukuma wamalizie. Meena Kumari alikubali, na inasimuliwa kwamba hakutaka malipo ila sarafu moja ya dhahabu. Alikuwa mgonjwa. Katika sehemu nyingine za dansi, mchezaji kijana Padma Khanna alisimama mahali pake, uso ukiwa umefunikwa. Mtunga muziki Ghulam Mohammed na mpiga picha Mjerumani Josef Wirsching walikuwa wameshafariki.

Filamu ilitoka tarehe 4 mwezi wa pili 1972, na mwanzoni watu hawakuipokea kwa moto mkubwa. Habari ya kifo ilipotangazwa, foleni zilijaa mbele ya sinema, na Pakeezah ikawa moja ya filamu zilizoingiza feza nyingi mwaka ule. Kwa upande wake, inasimuliwa kwamba hospitalini zilikosekana hata feza za kulipia matibabu yake.

Madaftari ya mashairi aliyaachia mshairi Gulzar, ambaye alikusanya kazi hizo na kuzichapisha. Mwaka mmoja mbele ya kifo, alikuwa amesoma baadhi yake kwa sauti yake mwenyewe katika sahani ya santuri, akisindikizwa na muziki wa Khayyam. Kwa miaka mingi, katika filamu zake, nyimbo ziliimbwa na sauti za wengine na maneno yaliandikwa na wengine. Katika sahani hiyo, maneno na sauti vyote ni vyake.