SIDI MUBARAK BOMBAY: MTUMWA ALIYEKUJA KUWA KIONGOZI WA MISAFARA



Ndugu msomaji, vijana wengi wa Mombasa siku hizi wanatafuta riziki Doha, Dubai na Jeddah, na wengine wako melini. Kijana akijaaliwa kupandishwa cheo huko, mara anajikuta anasimamia Mhindi, Mfilipino, Mnepali na Mganda kwa pamoja, na juu yake kuna bosi Mzungu. Huyu hali nyama hii, yule anataka ruhusa ya sikukuu yake, mwengine lugha hampati. Tunadhani mtihani huu ni wa zama zetu. Kumbe yuko mtu wa pwani hii aliyeupitia zaidi ya miaka 150 nyuma, tena kwa miguu, porini. Aliitwa Mubarak. Jina hilo watu wa Mbaraki wanalo mdomoni kila siku, ijapokuwa ni majina kugongana tu.

Utoto na utumwa

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, sehemu za mpaka wa Tanzania na Msumbiji wa leo. Akiwa na umri wa kama miaka 12, kijiji chao kilivamiwa, akatekwa na kupelekwa Kilwa, akauzwa kwa nguo. Hata jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Aliyemnunua alimpeleka Bara Hindi, akakulia huko. Bwana wake alipofariki aliachwa huru. Ndiko alikotoa jina la Bombay, mji ambao leo ni Mumbai, na Sidi ndivyo Waafrika walivyoitwa kule. Alirudi Unguja akiwa Muislamu, anajua Kiswahili na Kihindi, lakini hana jamaa wala mali.

Akaingia katika jeshi la Sultani wa Zanzibar, akawekwa katika ngome ya Chogwe, karibu na Pangani. Mwanzoni mwa 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita Mombasa kisha wakashuka mpaka Pangani. Speke alikuwa amefanya kazi ya jeshi India, na Kiswahili alikuwa hakijui. Bombay akazungumza naye Kihindi. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka.

Msafara wa watu wa kila aina

Msafara wa siku zile si mchezo. Kulikuwa na Wazungu Wakristo. Kulikuwa na askari wa Kibaluchi kutoka jeshi la Sultani. Kulikuwa na Waungwana, yaani Waislamu wa pwani, wengi wao waliokuwa watumwa. Na kulikuwa na wapagazi wa Kinyamwezi, wenye mila zao na mwiko wao. Katika safari ya pili ya Speke, iliyoanza 1860, waliongezeka hata askari kutoka Cape, Afrika Kusini. Hawa wote wale pamoja, walale pamoja, na wasikimbiane.

Chukua suala la chakula tu. Waungwana hawakutaka kula mnyama asiyechinjwa. Mzungu akipiga nyati risasi, ilibidi mtu atoke mbio na kisu, amuwahi kabla hajafa, amchinje kwa Bismillahi. Wenzao wasiokuwa Waislamu hawakuwa na shida hiyo. Jambo dogo kwa anayelitazama kwa mbali, lakini watu wenye njaa wakigombana juu ya nyama, msafara umekwisha.

Halafu kuna lugha. Mwaka 1858 Burton alibaki Tabora, Speke akaenda na Bombay kulitafuta ziwa la kaskazini, wakalifikia Mwanza mwezi wa Agosti. Njiani Speke akisema Kihindi, Bombay anageuza kwa Kiswahili, mwengine anageuza kwa lugha ya wenyeji, na jibu linarudi njia ile ile. Kila mtawala aliyepitiwa alitaka hongo yake, na mazungumzo yangeweza kula siku nzima. Neno moja likigeuzwa vibaya lingewafungia njia.

Pale Nile inapotoka

Mwezi wa Julai 1862 msafara ulifika pale mto Nile unapotoka ziwani, karibu na Jinja ya leo. Speke alikuwa ameipigania siku hiyo kwa miaka. Kwa furaha akawaambia watu wake kuwa wangenyoa vichwa na kuoga katika maji yale, kwani ni mto wa Nabii Musa. Bombay alimjibu kwa upole kwamba wao Waislamu hawayatazami mambo namna hiyo. Likija la kheri ni kwa matakwa ya Mungu, na likija la shari pia ni matakwa yake.

Hebu tulizingatie jibu hilo. Hakumcheka Mzungu wala hakumtukana. Lakini pia hakuingia mtoni ili kumfurahisha mwenye mshahara. Alisema analoliamini, kisha safari ikaendelea.

Meno yaliyong'oka

Tusije tukadhani mambo yalikuwa mazuri tu. Kwanza, Bombay alizozana kwa muda mrefu na mwenzake, Baraka, kila mmoja akiona yeye ndiye anayestahiki ukubwa. Pili, waliosafiri naye wameandika kuwa mara nyengine alilewa. Hatumtaji hapa kama walii.

Na Speke naye, rafiki yake, siku moja walibishana juu ya kung'oa hema, akampiga ngumi za uso. Meno yakatoka, na miaka baadaye Stanley aliliona pengo lile. Bombay akaondoka, akasema hafanyi kazi tena. Cheo chake akapewa mzee mmoja, Nasib. Wengi wetu tungekikalia kiti hicho na kushukuru. Mzee Nasib akamwendea Bombay, akamtuliza mpaka akarudi. Msafara uliokuwa na Waingereza wenye bunduki uliokolewa na mzee aliyejua kusuluhisha.

Safari za mwisho

Mwaka 1871 Stanley alimfanya mkuu wa askari wake katika safari ya kumtafuta Livingstone, wakamkuta Ujiji. Mwaka 1873 alitoka Bagamoyo na Cameron, na mwezi wa Novemba 1875 wakafika pwani ya Atlantiki huko Angola. Yaani amevuka Afrika kutoka bahari mpaka bahari. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Mafunzo

Ndugu yangu unayesimamia watu ugenini, au unayejitayarisha kwenda, Bombay ametuachia mambo. Jua kila mtu wako hawezi kuacha nini, uyalinde hayo kwanza, kabla ya kazi. Ukigeuza maneno baina ya watu wawili, hiyo ni amana. Dini yako iseme bila ya kelele na bila ya kuificha. Na ukiona mwenzio kavunjiwa heshima, usikimbilie cheo chake.

Mwezi huu tunajifunza subira kwa njaa ya mchana mmoja. Tumkumbuke mtoto aliyeuzwa kwa nguo, asiyekuwa na kwao, akaja kuaminiwa na watu wa kila dini kuwaonyesha njia. Vitabu vimewapa Wazungu sifa ya safari zile. Sisi angalau tulijue jina lake na tuwasimulie wadogo zetu.

Allah amrehemu, amsamehe mapungufu yake, na awalinde ndugu zetu walio ugenini. Aamin. Ramadhan Karim.