Padre Aliyepima Mbingu

Wako wazazi Wakatoliki waingiwao na hofu mtoto wao wa sekondari arudipo likizoni na kusema kwamba ulimwengu una umri wa miaka zaidi ya bilioni 13, nao ulianza ukiwa umesongamana mno, kisha ukapanuka. Huhisi kana kwamba mwalimu wa sayansi amewanyang'anya mtoto. Yafaa wajue kwamba fundisho hilo la mwanzo wa ulimwengu lilitoka kwa padre.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, nchini Ubelgiji, mwaka 1894. Alikuwa akisomea uhandisi huko Louvain vita vya 1914 vilipozuka, akaenda kutumika katika kikosi cha mizinga, akarudi na nishani. Hapo akauacha uhandisi, akashika hisabati, kisha akaingia seminari. Kardinali Mercier alimpa upadre mwaka 1923, na mwaka huo huo akamruhusu kwenda Cambridge kusoma elimu ya nyota. Baada ya hapo alikwenda Marekani.

Mwaka 1927 aliandika kwamba makundi makubwa ya nyota yanazidi kutengana, kwa sababu anga lenyewe lapanuka. Einstein alikiri kuwa hesabu zake ni sahihi, lakini maana yake akaikataa kabisa. Miaka michache baadaye naye alikubali. Mwaka 1931 Lemaître alisonga mbele akanena juu ya mwanzo, na wapo walioshuku kwamba padre huyu anaipenyeza Biblia ndani ya hesabu.

Lakini hasa twataka kulikazia jambo la mwaka 1951. Baba Mtakatifu Pius XII, akihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, alionyesha kwamba elimu hiyo mpya yaelekea kuushuhudia uumbaji. Ni padre gani asingefurahi? Lemaître hakufurahi. Nadharia yake ilikuwa bado ikibishaniwa na wataalamu, nayo ilieleza jinsi ulimwengu ulivyokua, si kwa nini upo. Muumbaji alimsadiki kwa imani, wala hakutaka imani hiyo isimamishwe juu ya hesabu ambazo kesho zaweza kusahihishwa. Tena alitaka hata asiyesadiki aweze kuzipima bila kudhani ametegewa mtego. Mwaka uliofuata, Papa alipozungumza na wataalamu wa nyota waliokutanika Roma, hakulirudia dai lile.

Sisi twaona hapo ndipo wengi hujikwaa. Wengine huiogopa sayansi. Wengine huikimbilia kila isemapo neno linalofanana na katekisimu. Hao wa pili watasema nini nadharia ikibadilika?

Kanisa halikumhesabu kuwa mkaidi: mwaka 1960 aliwekwa kuwa rais wa Akademia hiyo hiyo. Alifariki Juni 1966, muda mfupi baada ya kupashwa habari kwamba wataalamu wawili huko Marekani wamenasa masalio ya joto la kale la ulimwengu, ushahidi ambao yeye hakuwa nao alipoandika.