Yamamoto: Admirali Aliyevipinga Vita Kisha Akavianza



Tulipokuwa Kidato cha Nne, Vita vya Pasifiki tulivisoma kwa juma moja tu. Mwalimu alichora visiwa vya Hawaii ubaoni, akaandika 7 Desemba 1941, akavuta mshale kutoka Japani, akatuambia tukariri. Tukakariri, tukafaulu. Jina la mtu aliyeuchora mshale ule kabla ya mwalimu wetu sikulisikia mpaka nilipofika Chuo Kikuu. Tangu niingie kazini serikalini limekuwa likinijia mara kwa mara, hasa siku zile faili linaporudi mezani likiwa na uamuzi ambao mtu alikuwa ameshauri usichukuliwe. Mtu huyo ni Admirali Isoroku Yamamoto.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1884 katika mji wa Nagaoka, upande wa Japani wenye theluji nyingi. Baba yake alikuwa na umri wa miaka 56 na, bila kuhangaika kutafuta jina, akamwita mtoto Isoroku, maana yake hamsini na sita. Ukoo wao wa Takano ulikuwa wa samurai, yaani wapiganaji wa jadi, lakini wa upande ulioshindwa. Mwaka 1868 watu wa Nagaoka walipigana na jeshi la serikali mpya ya Mfalme, nao wakapigwa vibaya. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba yenye heshima nyingi na fedha kidogo, na kwa kijana wa namna hiyo ngazi ya kupandia ilikuwa shule. Mwaka 1901 aliingia Chuo cha Wanamaji cha Etajima, akamaliza mwaka 1904, vita kati ya Japani na Urusi vikiwa vimekwisha anza.

Mei 1905 alikuwa ndani ya manowari iitwayo Nisshin katika mapigano ya Tsushima, ambako Warusi waliangamizwa. Yeye alitoka na majeraha mguuni, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikapotea. Baadaye mageisha wa Tokyo, wanawake ambao kazi yao ni kuwastarehesha wageni kwa muziki na mazungumzo, walimpa jina la utani la Senti Themanini. Kutengenezwa kucha kulikuwa senti kumi kwa kidole, naye alikuwa na vidole vinane. Inasemekana jina hilo halikumuudhi.

Mwaka 1916 aliasiliwa na ukoo wa Yamamoto, ukoo mwingine wa Nagaoka uliokosa mrithi wa kiume, akachukua jina lao kama desturi ya kwao iruhusuvyo. Mwaka 1918 alimwoa Reiko, wakapata watoto wanne.

Sasa nifike kwenye jambo lililomfanya awe tofauti na wakubwa wenzake. Tangu 1919 hadi 1921 alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, kule Marekani, na kuanzia 1926 hadi 1928 alirudi huko akiwa mwambata wa kijeshi katika ubalozi wa nchi yake mjini Washington. Wengi hupelekwa ng'ambo wakarudi na suti na picha. Yamamoto alitembea akaona. Aliviona viwanda vya magari vya Detroit na visima vya mafuta vya Texas, na mafuta ndiyo aliyoyashughulikia kuliko somo lolote lingine, kwa maana Japani haikuwa nayo. Jioni alicheza karata na Wamarekani kwa fedha, akawashinda mara nyingi, wala hakunywa pombe. Alirudi kwao akijua hesabu moja ambayo majenerali wa Tokyo hawakutaka kuisikia, kwamba Japani haina uwezo wa kuvimudu vita virefu na nchi ile.

Jambo la pili alilolijua mapema ni ndege. Mwaka 1924, akiwa na miaka 40, alipelekwa kwenye chuo cha urubani wa majini cha Kasumigaura, akajifunza kuruka pamoja na vijana. Mwaka 1928 alikabidhiwa Akagi, manowari ya kubebea ndege. Wakubwa wa Jeshi la Wanamaji walipoamua kujenga manowari mbili za mizinga, Yamato na Musashi, kubwa kuliko zote duniani, yeye alipinga waziwazi. Kwa maoni yake, manowari kubwa kiasi gani ingeweza kuzamishwa na ndege za kutosha. Hawakumsikiliza. Musashi ilizamishwa na ndege Oktoba 1944, na Yamato ikazamishwa na ndege Aprili 1945.

Desemba 1936 alifanywa Naibu Waziri wa Jeshi la Wanamaji. Mwaka uliofuata Japani iliingia katika vita vikubwa na China, na Desemba 1937 ndege za Kijapani zikaizamisha Panay, manowari ndogo ya Wamarekani, katika mto Yangtze. Yamamoto ndiye aliyemwomba radhi balozi wa Marekani. Wakati huo majenerali wa nchi kavu walitaka mapatano ya kijeshi na Ujerumani na Italia. Yeye na waziri wake, Admirali Yonai, walikataa, wakijua kwamba mapatano hayo yangewaingiza katika ugomvi na Marekani. Basi zikaanza kumjia barua za vitisho kutoka kwa wazalendo wa siasa kali, na ikabidi awekewe walinzi. Mwisho wa Agosti 1939 alipewa uamiri wa manowari zote za Japani. Kwa nje ilikuwa kupandishwa cheo. Waliojua walisema Yonai alimpeleka baharini kwa sababu wauaji wangepata shida kumfikia huko.

Mapatano na Ujerumani yalitiwa saini Septemba 1940. Waziri Mkuu Konoe alipomwuliza kuhusu vita na Marekani, alijibu kwamba akilazimishwa kupigana angeweza kwenda mbio kwa miezi sita au mwaka, ila mwaka wa pili na wa tatu asitegemewe kwa lolote. Na Januari 1941 alimwandikia mwanasiasa mmoja kwamba kuvishinda vita hivyo haitoshi kuteka Guam, Ufilipino, Hawaii wala San Francisco. Ingebidi kufika Washington na kupatana masharti ndani ya Ikulu ya Marekani, naye alitilia shaka kama wanasiasa wako tayari kwa gharama hiyo. Vita vilipoanza, magazeti ya Tokyo yaliichapa barua ile bila sehemu ya mwisho. Wamarekani wakaisoma kama majigambo, wakamchukia kama mtu aliyeapa kuiteka Ikulu yao, na onyo likageuka kuwa tusi.

Mwezi ule ule wa Januari 1941, mtu huyu aliandika kwa waziri wake mpango wa kuishambulia bandari ya Pearl Harbor.

Hapo ndipo nisimamapo kila mara. Hoja yake haikuwa ya mwendawazimu. Kama vita haviepukiki, basi adui apigwe siku ya kwanza pigo litakalomvunja moyo, kabla viwanda vyake havijaamka. Ilikuwa hoja ya mcheza kamari mwenye fedha kidogo, anayeziweka zote katika mchezo wa kwanza. Katikati ya mwaka 1941 Marekani iliinyima Japani mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta ya Japani ilitoka huko, kwa hiyo saa ya vita ikakaribia. Makao makuu ya wanamaji yaliuona mpango wa Hawaii kuwa wa hatari mno, yakaukataa. Oktoba 1941 Yamamoto aliwapelekea ujumbe kwamba usipokubaliwa atajiuzulu. Wakakubali. Alitumia shinikizo la namna hiyo tena Aprili 1942 ili mpango wake wa Midway upite. Lakini alipokuwa akipinga vita vyenyewe, silaha hiyo hakuitoa. Mwandishi huyu ni mtumishi wa serikali na anajua jinsi ilivyo rahisi kugombania namna ya kuifanya kazi, na jinsi ilivyo vigumu kukataa kazi yenyewe. Wako watakaosema utii kwa Mfalme wake ulimfunga, na kwamba angejiuzulu angewekwa mwingine asiyejua kitu. Huenda. Sipendi kumhukumu kwa wepesi, lakini hesabu aliijua yeye kuliko wote.

Mengine mnayajua. Manowari sita za kubebea ndege ziliondoka kaskazini mwa Japani tarehe 26 Novemba chini ya Nagumo, na asubuhi ya Jumapili, 7 Desemba 1941, ndege zipatazo 350 zikaishambulia Pearl Harbor. Wamarekani 2,403 walikufa. Barua ya Tokyo ya kuvunja mazungumzo ilichelewa, ikafikishwa Washington mabomu yakiwa yamekwisha anguka, na jambo hilo lilimsikitisha sana. Manowari za Marekani za kubebea ndege hazikuwapo bandarini, wala matangi ya mafuta hayakuguswa. Nchi nzima ilipokuwa ikishangilia, yeye aliwaandikia jamaa zake kwamba haoni cha kushangilia. (Yale maneno ya jitu lililolala, ambayo wengi wetu tumeyasikia katika sinema, hayajaonekana katika maandishi yake yoyote.)

Aprili 1942 manowari zake, chini ya Nagumo yule yule, zilifika Ceylon, zikaishambulia Colombo na Trincomalee. Waingereza walirudisha sehemu ya manowari zao Kilindini, Mombasa, na pamoja nazo wakaja wataalamu wa kufumbua simu za upepo za Wajapani, wakafanyia kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Wadogo zangu mnaolichukia somo la hesabu, hao walikuwa watu wa hesabu.

Kufumbua simu ndiko kulikomwangusha. Kule Hawaii Wamarekani walikuwa wamekwisha soma mpango wake wa Midway, wakamngoja. Tarehe 4 Juni 1942, kama miezi sita baada ya Pearl Harbor, alipoteza manowari nne za kubebea ndege: Kaga, Soryu, Hiryu, na Akagi aliyoiongoza zamani. Kosa lilikuwa lake pia. Alizitawanya nguvu zake hadi visiwa vya Aleutian, na mwenyewe alikuwa ndani ya Yamato, mamia ya maili nyuma, asiweze kusaidia. Kisha vikaja vita vya Guadalcanal, kuanzia Agosti 1942 hadi Februari 1943, ambavyo viliimaliza akiba ya marubani wake wazuri. Viwanda alivyoviona ujanani vilikuwa vimeamka: katika miaka ya vita Marekani iliunda ndege karibu 300,000, na za Japani hazikufika 80,000.

Aprili 1943 aliamua kuwatembelea askari wa mbele katika visiwa vya Solomon. Ratiba yake ilitumwa kwa simu ya upepo, saa za kuondoka na kufika zikiwa zimetajwa. Wamarekani waliisoma. Yamamoto alisifika kwa kushika saa, na safari hiyo pia aliishika. Asubuhi ya 18 Aprili ndege 16 za Kimarekani aina ya P-38, zilizokuwa zimeruka chini juu ya maji zaidi ya maili 400 kutoka Guadalcanal, zilimkuta juu ya kisiwa cha Bougainville karibu na dakika ile ile iliyokadiriwa. Ndege yake ilianguka msituni. Nani hasa aliyeitungua, marubani wawili waligombana juu ya hilo kwa miaka mingi. Askari waliomtafuta walimkuta kesho yake nje ya ndege, bado yuko kitini chini ya mti, mkono wake juu ya upanga. Alikuwa na miaka 59.

Majivu yake yalirudishwa Japani ndani ya Musashi, manowari aliyopinga isijengwe. Wananchi waliambiwa tarehe 21 Mei, na tarehe 5 Juni 1943 akafanyiwa mazishi ya kitaifa. Sehemu ya majivu ilizikwa Tokyo na sehemu Nagaoka.

Usiku wa 1 Agosti 1945 ndege za Marekani ziliichoma Nagaoka kwa mabomu ya moto, wakafa watu zaidi ya 1,400. Mwaka 2012 mji huo na Honolulu viliandikiana udugu, na tarehe 15 Agosti 2015, miaka 70 baada ya vita, mafundi wa Nagaoka walirusha fataki zao juu ya maji ya Pearl Harbor.