Bibi Dorothy Hodgkin na Fumbo la Insulini

Insulini anayodungwa mgonjwa wa kisukari kule Pangani ilianza kutumika mwaka 1922, bali umbo lake lilikuwa fumbo. Kwa hiyo twamkumbuka Bibi Dorothy Hodgkin, Mwingereza mtaalamu wa kemia, aliyezaliwa Kairo mwaka 1910. Mwaka 1935 alitangaza picha za fuwele za insulini zilizopigwa kwa eksirei. Zilionyesha madoa matupu. Umbo lilipaswa kutolewa kwa hesabu nyingi mno, nazo siku zile zikifanywa kwa mkono. Baridi yabisi ilimpinda vidole, lakini hakuacha. Kompyuta ilimsaidia kufumbua vitamini B12, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964. Insulini yenyewe aliifumbua pamoja na wenzake mwaka 1969, baada ya miaka 34. Alifariki mwaka 1994. Ndugu wafanyakazi, mvumilivu hula mbivu.